Dungu la Nyuma ya Jiko

Kila alipotaka kusema jambo la haki, Mwalimu alikohoa kwanza. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kikavu na kifupi, kama mtu anayegonga meza, na sisi tuliosoma kwake tulizoea kunyamaza tukikisikia. Tuliendelea kunyamaza hata miaka mingi baadaye, tukikutana naye sokoni Mpanda tumeshaota vitambi, na yeye anakohoa kwa sababu ya vumbi la pumba tu.

Nikimkumbuka simwoni mzima. Naona kola ya shati iliyogeuzwa na fundi ili upande uliochakaa uende ndani. Naona vidole vyenye chaki vikishika sikio la redio. Mwezi wa saba kwetu majani huchomwa porini, moshi unashuka mjini asubuhi, na watu hutokea barabarani kidogo kidogo: kwanza miguu, halafu mzigo, halafu uso. Ndivyo Mwalimu anavyonijia. Sura huja mwishoni, na mara nyingi napitiwa na usingizi kabla haijafika.

Alitufundisha Uraia, kidato cha tatu, katika shule iliyokuwa na madirisha mengi kuliko vioo. Somo lilikuwa la Kiingereza, kwa hiyo aliandika ubaoni kwa Kiingereza, tukanakili, akafuta mikono, kisha akakaa juu ya meza na kutueleza kwa Kiswahili kile tulichokwisha kunakili. Alisema Kiingereza ni cha mtihani na Kiswahili ni cha kuelewa, na mtu mwenye akili hachanganyi matumizi ya vyombo vya jikoni. Nimepita chuo kikuu tangu wakati huo. Nilifundishwa kusema "muktadha" na "mkabala", maneno yaliyonisaidia sana kutokueleweka, lakini sijapata tena mtu wa kunikalia juu ya meza namna ile.

Redio yake ilikuwa ya mawimbi mafupi, imefungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli, na antena yake ilikuwa spoku. Humo ndani, alituambia, kulikuwa na mahakama za dunia nzima. Watu wengine wa Ilembo, mtaa wetu wa Mpanda, walisikiliza mpira na salamu. Yeye alisikiliza hukumu. Alizipenda kama wengine wanavyopenda taarabu, na akishaipata nzuri alikuwa akitembea nayo siku kadhaa, midomo ikichezacheza, mpaka tukajua kwamba Ijumaa kutakuwa na kesi.

Ijumaa, kipindi cha mwisho, darasa liligeuka mahakama. Jaji alivaa joho la kwaya lililoazimwa parokiani, lenye harufu ya ubani na jasho la sauti ya kwanza. Hukumu iliyotawala mwaka ule ilitoka Marekani. Kulikuwa na chuo cha kijeshi, alisimulia Mwalimu, chuo cha serikali, kinachoendeshwa kwa fedha ya umma, na tangu kianzishwe, zaidi ya miaka mia, hakijawahi kupokea msichana. Msichana mmoja akataka kuingia. Wakubwa wa chuo wakasema haiwezekani: humu watoto wa kiume wanafokewa, wananyolewa, wanakimbizwa alfajiri, wanalala chumba kimoja bila pazia. Msichana ataharibika, au ataharibu. Kesi ikapanda ngazi mpaka mahakama ya juu kabisa.

Hapo msichana mmoja wa Kibaoni, aliyekaa nyuma karibu na mlango, akanyoosha mkono. Kichwa chake kilikuwa kipara, kama vichwa vya wasichana wote wa shule yetu.

"Mwalimu, kwani hao wasichana wa huko hawakimbii mchakamchaka?"

Darasa lilicheka hadi jaji akavua joho. Sisi tulikuwa tunakimbizwa alfajiri kila siku, wavulana kwa wasichana, tukiimba, tumenyolewa sawasawa, tukifokewa sawasawa. Mambo ambayo mawakili wa chuo kile waliyataja kama maajabu ya kumwua mtoto wa kike, kwetu yaliitwa Jumatatu. Mwalimu hakucheka. Alimwangalia yule msichana kwa muda mrefu, kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu na hajui aiweke wapi.

Mimi nilipangiwa kuwa wakili wa chuo. Niliandaa hoja nzito kuhusu udhaifu wa maumbile. Tatizo ni kwamba asubuhi hiyo hiyo shule nzima iliniona nikiachwa kwenye mchakamchaka na yule msichana wa Kibaoni, na kila nilipotamka "maumbile" mtu mmoja dirishani aliiga ninavyohema. Nilishindwa kabla shahidi wa kwanza hajaitwa.

Lakini sehemu ambayo Mwalimu aliipenda kuliko zote ilikuwa ile ya katikati. Wakubwa walipobanwa, walisema: sawa, tutawajengea wasichana mpango wao, kwenye chuo kingine, pembeni. Nao watakuwa na mafunzo yao ya uongozi, mazuri tu, ya kuwafaa. Hapo Mwalimu alikohoa. Alituuliza kama mtu akikuomba nafasi mezani, nawe ukamtandikia mkeka nje, umempa chakula au umemfukuza kwa adabu. Majaji, alisema, waliukataa mkeka. Aliyeandika hukumu alikuwa mwanamke. Walisema hicho cha pembeni si chuo kile, ni kivuli chake, na lango lifunguliwe. Jaji mmoja tu ndiye aliyekataa, na Mwalimu alitukataza kumdharau. Alisema mtu anayebaki peke yake mbele ya wenzake ama ana hoja ama ana kichwa kigumu, na vyote viwili vinahitaji kusikilizwa mpaka mwisho.

Wavulana walipoanza kununa, aliwatolea nyingine. Miaka ya nyuma mahakama hiyo hiyo ilishasikiliza kesi ya mwanamume aliyekataliwa na chuo cha umma cha uuguzi kilichopokea wanawake tu, na yeye pia akafunguliwa lango. "Lango ni lango," alisema. "Chumvi anayonunua mama yako ina kodi, na chumvi anayonunua baba yako ina kodi. Chuo kilichojengwa kwa chumvi hakiulizi nani amevaa sketi."

Nililala nikiota chuo kile. Kwa kuwa sikuwahi kuona Marekani, nilikijenga kwa vifaa nilivyokuwa navyo: kilikuwa na mabati ya shule yetu, lango la stesheni ya reli ya Mpanda, na uwanja wake wa gwaride ulikuwa majaruba ya mpunga. Wasichana wenye vipara walikuwa wakipita juu ya kingo za majaruba kwa hatua za kijeshi, kimya, maji pande zote mbili, na viboko wakiwatazama kwa macho yaliyoelea. Mpaka leo nikisoma neno "usawa" katika maandishi ya watu wenye semina, hiyo ndiyo picha inayokuja. Nimejaribu kuibadilisha kwa ile ya mizani. Haikubali.

Mwalimu alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na alifanya hivyo bila haraka. Alifua mashati yake mwenyewe, hadharani, jambo lililowafanya majirani wa Ilembo wamwonee huruma mke wake, Mama Skola, kana kwamba ameibiwa. Lakini redio yake hakuruhusu mwanamke kuigusa, akidai mikono yao ina mafuta. Alipenda gwaride kwa namna ya kutia aibu. Siku za sherehe alisimama kwenye uzio wa uwanja, askari wakipita mikono ikienda pamoja, na machozi yakamtoka waziwazi. Lakini hakuweza kuchinja kuku. Kuku wa nyumba ile walichinjwa na Mama Skola, naye Mwalimu akatembea mpaka kwenye njia panda, akageuka aliponusa vitunguu.

Machozi yale yalikuwa na asili yake, na niliijua kwa kuchelewa. Kaka yake alikwenda vita ya Kagera. Kilichorudi kijijini kwao Usevya ni sanduku la bati lenye sare mbili, mswaki, na kipande cha sabuni ambacho mama yao alikataza kisitumike. Mwalimu hakuwahi kulizungumza darasani. Mama Skola ndiye aliyeniambia, siku moja akipepeta mchele, kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia bei.

Nyumba ya mjini ilikuwa ya kazi. Nyumba yake hasa ilikuwa Usevya, upande wa Mpimbwe, ambako walilima mpunga. Likizo zote alikwenda huko, na alipostaafu alihamia moja kwa moja. Nilimtembelea kila mwaka msimu wa mavuno. Nilisema nakwenda kununua mchele. Basi linakatiza hifadhini, mbung'o wanaingia madirishani na kuwauma abiria bila kujali nauli, twiga wanasimama barabarani wakifikiri, na mtu anashuka upande wa pili akiwa amepoteza nusu ya alichokuwa akikiwaza mjini. Napendekeza safari hiyo kwa wanafalsafa.

Huko kila shamba lina dungu lake. Ni jukwaa la miti, juu ya nguzo ndefu, lenye paa la nyasi na ngazi, na mlinzi hukaa humo mpunga unapoiva. Mchana ni ndege, kwelea kwelea, wanakuja kama moshi ulioamua kula. Giza likiingia ni viboko, wanapanda kutoka mtoni na wanaweza kuvuna jaruba zima bila kumlipa kibarua. Mlinzi anapiga debe, anapiga kelele, anawasha moto. Si kazi ya mchezo. Kiboko akikasirika nguzo za dungu ni njiti. Kwa hiyo dungu la mtoni lilikuwa la wana wawili wa Mwalimu, na mtoto aliyekaa humo msimu mzima alishuka akiwa mtu mwingine: anasalimiwa na wazee, anapewa paja la kuku, anaongea akiwa amekaa.

Skola, yaani Skolastika, kitinda mimba wake, alitaka kupanda. Alikuwa hajamaliza shule ya msingi. Aliomba msimu mmoja, akaomba wa pili, na msimu wa tatu hakuomba tena. Alihoji. Alimuuliza baba yake ni sheria ipi inayomkataza. Nadhani Mwalimu alifurahi kiasi cha kuchanganyikiwa, maana ni nadra mwalimu wa Uraia kupendelewa na Mungu kiasi kwamba somo lake linamrudia nyumbani likiwa limevaa kandambili. Akakohoa. Akasema hoja ni nzuri, na lazima itendewe haki.

Akamjengea dungu lake.

Nililiona likiwa jipya. Lilikuwa nyuma ya jiko, kwenye bustani ya maboga, hatua chache tu kutoka mlangoni. Nguzo zilikuwa nzuri, fupi kidogo. Paa lilikuwa la nyasi zile zile. Alimwekea debe, fimbo ya kupigia na kidumu cha maji. Alinionyesha kwa fahari kweli: sawa kwa sawa, alisema, hakuna kilichopungua. Wakati huo hata mimi nililipigia makofi. Ni miaka kadhaa baadaye, nikiwa naoga, nilipokumbuka kwamba tangu dunia iumbwe hakuna kiboko aliyewahi kupanda mpaka kwenye maboga yale, na kwamba kwelea kwelea hawali maboga.

Skola alikaa humo siku nyingi. Namkumbuka vizuri zaidi kuliko ninavyomkumbuka baba yake: msichana mwembamba, magoti kidevuni, jua la saa kumi likipita kwenye nyasi na kumchora mistari. Hakupiga debe. Alikuwa akitazama upande wa mto, ambako dungu la kaka zake lilionekana juu ya mpunga kama chombo kilichotia nanga katika maji ya njano, na sauti zao zikija zimechelewa, zimelainishwa na upepo.

Alikua. Alimaliza kidato cha sita, akaenda mafunzo ya jeshi wanayokwenda vijana wa kidato cha sita, na huko, badala ya kuhesabu siku za kurudi kama wenzake wengi, alionekana anafaa. Aliambiwa ana nafasi ya kwenda chuo cha maafisa. Kwetu lango hilo halihitaji kesi. Wasichana wanaingia. Kilichobaki kilikuwa nyumbani, kwa mtu mmoja, naye alisema hapana.

Kwetu, katika nyumba za Wakatoliki wa Mpimbwe, mtoto anayekwenda mbali haondoki hivi hivi. Baba anachovya kidole kwenye maji, anamchora msalaba kwenye paji la uso mlangoni, na watu wa nyumbani wanashuhudia. Asiyechorwa anaweza kupanda basi, hakuna atakayemshika. Lakini kila ajali, kila homa, kila barua isiyojibiwa itahesabiwa kwenye paji lile tupu. Skola hakuwa tayari kuondoka na paji tupu. Akanipigia simu Ilembo. Alisema baba yake huwa ananisikiliza. Nilitaka kumwambia kwamba rekodi yangu ya uwakili mbele ya baba yake haipendezi, lakini mtu wa makamo akiambiwa anasikilizwa hupoteza kumbukumbu.

Nilimkuta Mwalimu Usevya, barazani na redio yake, mpya sasa, ya betri ya jua. Mama Skola alikuwa akipepeta. Skola alisimama kwenye mlango wa jiko.

"Profesa," alisema Mwalimu, "umekuja kununua mchele au kuuza hoja?"

Sijawahi kuwa profesa. Aliniita hivyo tangu nilipofeli Hisabati. Nilizunguka kidogo, nikasifu mvua, kisha nikamwambia kwamba hata India, juzi juzi, mahakama yao kuu imeamuru wasichana waruhusiwe kufanya mtihani wa kuingia chuo chao cha kijeshi, chuo kilichokuwa cha wavulana watupu.

"Nimesikia. Nilifurahi mpaka nikanywa chai haina sukari, sikujua."

"Basi Mwalimu, kama unafurahia watoto wa India..."

"Wa India nawafurahia." Alizima redio. "Mahakama inafungua lango, Profesa. Haina mkono wa kumrudisha mtu nyumbani."

Hakuna aliyetaja sanduku la bati. Lilikuwa ndani, chini ya kitanda, na wote tulikuwa tukilitazama kupitia ukuta. Nilikuwa na hoja mbili zaidi na zote mbili zilitoka kwenye makala yangu mwenyewe, kwa hiyo nilizirudisha mfukoni. Skola ndiye aliyesema.

"Baba, lile dungu la nyuma ya jiko alijenga nani?"

"Mimi."

"La nani?"

"La kwako. Unajua."

"Nililinda nini?"

Ungo wa Mama Skola ulisimama. Mwalimu aliangalia mikono yake.

"Maboga," alisema.

"Kiboko aliwahi kufika?"

"Hakuwahi."

"Ulikuwa unawafundisha watoto wa watu kuhusu chuo cha pembeni. Mimi ulinijengea."

Mwalimu alikohoa. Tulisubiri. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, baada ya kikohozi hakikuja kitu.

"Mjibu mtoto," alisema Mama Skola.

Aliinuka, akavaa kofia yake, akasema mahakama imeahirishwa, akaenda mtoni. Sikununua mchele siku ile. Mama Skola alinipa hata hivyo, kwenye kimfuko, kama anachopewa mgonjwa.

Skola aliondoka wiki ileile. Mwalimu hakuwepo mlangoni. Mama yake alijaribu kumchora msalaba yeye, Skola akamshika mkono taratibu na kuurudisha, akasema atasubiri wa baba. Akaenda barabarani na begi lake. Baadaye Mama Skola aliniambia kwamba mzee alikuwa juu ya dungu la mtoni muda wote ule, kwa sababu kutoka kule juu barabara inaonekana, na basi likipita vumbi lake hubaki hewani kwa muda mrefu likiwa na umbo la basi. Alilitazama mpaka likawa vumbi la kawaida.

Baada ya hapo alibadilika kwa namna ambayo mgeni asingegundua. Alisikiliza taarifa ya habari badala ya hukumu. Nilipompelekea kesi nzuri kwa simu hakujibu, au alijibu kwamba mpunga umeinama. Mwaka jana mguu wa kushoto ulimgomea, pamoja na upande mmoja wa mdomo, na hospitalini wakasema kupanda ngazi ndefu basi tena. Maneno yalirudi, mazito kidogo. Kikohozi hakikuathirika.

Nilikwenda tena msimu huu. Skola alikuwa likizo, mara ya kwanza tangu aondoke. Kilichobaki chuoni ni muda mfupi, kisha atavishwa nyota. Nilimpita uani akichota maji, nywele fupi kama za msichana wa shule, tukasalimiana, nikamuuliza mzee yuko wapi. Alinyoosha kidevu upande wa nyuma ya jiko.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye dungu la maboga. Wanawe walimpandisha kila asubuhi ili apate upepo na asijisikie ameachwa, maana ngazi yake ni fupi na Mama Skola anamwona akiwa jikoni. Walifanya hivyo kwa upendo. Alikuwa na kidumu chake cha maji. Alikuwa na debe.

"Profesa, karibu," alisema. "Unaona nilivyotunzwa. Nina ngazi, nina paa, nina debe. Sawa kwa sawa."

Nilikaa kwenye ngazi. Mbele yetu maboga yalikuwa yamelala kwenye majani yake, makubwa, yenye amani, hayamhitaji mtu. Kutoka mtoni zilikuja kelele za wanawe wakifukuza ndege, zimechelewa na zimelainika, na kila zilipofika Mwalimu aliinua fimbo yake, akaiangalia, akaiweka chini. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu kejeli ya historia. Namshukuru Mungu mbung'o mmoja aliniuma wakati huo.

Skola alikuja na kikombe cha uji. Mwalimu alikohoa, naye akasimama pale pale, kikombe mkononi, kama tulivyokuwa tukisimama sote.

"Afande," alisema baba yake. Hakuwahi kumwita hivyo. "Naomba kukata rufaa."

Skola hakutabasamu. "Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya aliyejenga dungu hili."

"Si ulijenga wewe?"

"Ndiyo maana kesi ni ngumu."

Uji ulikuwa ukitoa mvuke kati yao. Skola alinipa kikombe. Akageuka, akampa baba yake mgongo, akapiga magoti kwenye majani ya maboga. "Panda," alisema.

Alimbeba namna wanavyofundishwa kumbeba majeruhi, mzigo juu, mikono imefungwa mbele, na hakuyumba. Niliwafuata na uji. Tulipita juu ya kingo za majaruba, nyembamba, mpunga umeinama pande zote mbili na maji yaking'aa chini yake, na mbele yangu kilikwenda kichwa kile chenye nywele fupi kwa hatua zilizopimwa, kimya. Ilinibidi niangalie mtoni kama kuna macho yanayoelea, kwa kuwa mahali pale nilishawahi kufika nikiwa nimelala.

Kaka zake walipiga kelele kutoka juu. Walisema mzee ataanguka, walisema daktari alikataza, mmoja akasema hilo si dungu la wagonjwa.

"Shukeni nyie kwanza," alisema Skola, na walishuka.

Walimpandisha kwa kanga ya Mama Skola, aliyekuja mbio nyuma yetu akilalamika, kaka mmoja akisukuma na Skola akivuta. Mimi nilishika ngazi, kazi ambayo naona shahada yangu ilinitayarisha vizuri. Kisha nikapanda nyuma yao, kaka zake wakaenda kumtuliza mama yao, na tukabaki watatu juu ya ule ukimya wa njano. Mto ulionekana wote. Barabara ilionekana. Mwalimu alihema, akashika nguzo, akageuza shingo taratibu upande wa nyumbani. Aliona bati la jiko na moshi wake. Alilitafuta dungu la maboga kwa muda mrefu, mkono juu ya macho.

"Kumbe kutoka huku halionekani," alisema.

"Mimi hili nililiona kila siku," alisema Skola.

Hakukohoa. Alivuta kidumu cha wanawe, akafungua, akamimina maji kidogo kwenye kiganja, mengi yakamwagika. Skola alisogea, akainamisha kichwa. Akachovya kidole, akamchora; msalaba ukaenda upande, akaurudia.

Kwelea kwelea walishuka wakati huo, wingu zima, wakatua kwenye mpunga mbele yetu na kuanza kula. Debe lilikuwa karibu na goti langu. Hakuna aliyeligusa.